Kupamba Keki ya Krimu ya Siagi kwa Stensili: Mwongozo Kamili kwa Anayeoka Kwenye Joto

Keki yangu ya kwanza ya stensili, yaani plastiki nyembamba iliyotobolewa pambo, ilikuwa ya kicheni pati: ngazi moja, krimu nyeupe, maua meusi ya kuzunguka ubavu wote. Nilikuwa nimeshaangalia video za kutosha. Kwenye zote mtu anabandika plastiki, anapaka, anabandua, na maua yanatokea kama yamechapwa. Mimi nilipobandua yalitoka mabaka. Shangazi yake bibi harusi, aliyekuja kuichukua, aliizunguka mara mbili kimya, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, haya maua yamenyeshewa?"

Nilikwangua ubavu mzima mbele yake. Nyeusi haikutoka yote, ikachanganyika na nyeupe, keki ikawa ya kijivu, na ikabidi kijivu hicho nikiite fasheni. Hela iliyobaki hakuimalizia, nami sikuwa na uso wa kumdai.

Ilinichukua keki kadhaa kujua nilikosea wapi. Kosa halikuwa kwenye kupaka. Lilikuwa saa mbili kabla ya kupaka: keki ilikuwa laini na krimu ya maua ilikuwa ngumu, wakati inatakiwa kinyume chake. Chini pawe pagumu na baridi, juu pawe laini. Karibu kila hatua ya hapa chini ni njia ya kupata hali hiyo na kuishikilia kwa dakika tano hivi, kwa sababu kwenye joto letu hazidi hapo.

Video nyingi zinarekodiwa penye kiyoyozi au kwenye nchi za baridi. Jikoni kwangu Mbagala, mwezi wa pili, oveni ikiwa imewashwa, hata ukuta unatoka jasho. Siagi inaanza kulegea kwenye nyuzijoto ishirini na kitu, na ikifika 35 imeshakuwa mafuta. Kwa hiyo muda ninaoutaja humu ni wa jikoni la pwani. Ukiwa Njombe, Lushoto au Limuru, punguza ule wa friji.

Stensili yenyewe

Stensili za keki ni karatasi za plastiki nyembamba, nyingi ni robo milimita au chini ya hapo. Unene wa plastiki ndio utakaokuwa unene wa ua lako. Plastiki nene inatoa ua lililoinuka, linalopendeza machoni, ila kingo zake humeguka wakati wa kubandua na plastiki yenyewe haikubali kuufuata mduara. Ukiwa dukani, izungushe kwenye kopo au chupa kubwa. Ikigoma hapo, itagoma na kwenye keki.

Halafu angalia matundu. Tundu jembamba kuliko njiti ya kiberiti halipitishi krimu ya siagi vizuri. Stensili za namna ya lesi zinafaa zaidi kwa keki zilizofunikwa fondanti, ile sukari ya kukanda inayosukumwa kama chapati. Anza na majani mapana, mistari, pembe tatu, maua makubwa.

Pima pia urefu. Keki ya inchi 8 ni sentimita 20, na ikishapakwa krimu inafika kama 21. Zidisha kwa 3.14 upate mzunguko: sentimita 66. Stensili yenye pambo la sentimita 33 itaingia mara mbili kamili. Ya sentimita 28 itaingia mara mbili na kukuachia pengo la sentimita 10, na ni afadhali ulijue pengo hilo ukiwa na rula mkononi kuliko kulikuta ukiwa na skrepa, kile kibapa cha kusawazishia krimu, mkononi. Si kosa kuacha pengo. Ligeuze kuwa mgongo wa keki, au uweke hapo maua mabichi. Lakini uamue mapema.

Unaweza kuchonga mwenyewe. Nunua plastiki angavu ya kuzungushia keki, ile inayouzwa kwenye roli kwenye maduka ya vifaa vya keki, chora pambo kwenye karatasi, liweke chini ya plastiki juu ya kioo, na ukate kwa kisu chenye ncha ya wembe. Kata matundu madogo kwanza na makubwa mwisho. Ukianza na makubwa plastiki inalegea na madogo yanakupinda mkononi. Baina ya tundu na tundu acha angalau milimita tatu.

Maneno yana mtego wake. Ukichonga HONGERA, kile kiduara cha ndani ya O kinadondoka, na cha ndani ya R, na cha ndani ya A. Hivyo ni visiwa, na kila kisiwa kinahitaji daraja la kukishika: kipande chembamba cha plastiki usichokikata. Ndiyo maana herufi za stensili huonekana zimekatika katikati. Usizione mbaya, ndizo zilivyo.

Vitu viwili nimeona watu wakivitumia nami nawaomba waviache. Cha kwanza ni filamu za eksirei za zamani. Ni kweli zina wembamba mzuri, lakini zina kemikali na hazikutengenezwa ziguse chakula. Cha pili ni stensili za hina, zile za kubandika mkononi sikukuu ikikaribia. Mapambo yake ni mazuri mno, natamani kila mara nikiyaona, ila nyuma zina gundi.

Ukikosa wazo la mpangilio, ifungue kanga kitandani uiangalie. Ina pindo linalozunguka, mji katikati, na jina. Keki nayo ina hivyo vitatu: ubavu ni pindo, juu ni mji, na maneno yana mahali pake. Kanga nzuri haishindanishi pindo na mji. Kama ubavu umejaa maua, juu acha pambo moja tu. Milango ya Mji Mkongwe wa Zanzibar nayo ni shule: ile minyororo iliyochongwa kwenye miimo ni mipana, inajirudia, na haina nukta ndogondogo, kwa hiyo inakubali krimu vizuri.

Krimu mbili, kazi mbili

Kwa keki ya inchi 8 yenye tabaka tatu, ninatumia:

- siagi isiyo na chumvi, gramu 300
- mafuta mgando meupe ya kupikia, yasiyo na harufu, gramu 200
- sukari ya unga, kilo 1, iliyochekechwa mara mbili
- maziwa, vijiko vya chakula 3 hadi 4
- chumvi, robo kijiko cha chai
- vanila

Walaji wa siagi tupu watanuna kuhusu hayo mafuta mgando, na kwa ladha wana haki. Lakini mafuta hayo yanavumilia joto kuliko siagi, na pia ni meupe, kwa hiyo krimu haiwi na umanjano. Msimu wa baridi, mwezi wa saba, napunguza mafuta mpaka gramu 100 na kuongeza siagi.

Siagi itoke kwenye friji dakika 15 tu kabla. Mapishi mengi husema iache mpaka ifikie joto la chumba. Chumba cha nani? Ukiibonyeza, kidole kiache shimo bila kuzama. Piga siagi na mafuta dakika tano, ingiza sukari kwa mafungu manne, kisha maziwa. Mwishoni punguza mwendo wa mashine mpaka wa chini kabisa na uiache izunguke dakika tatu au nne. Hapo unatoa mapovu ya hewa. Kila povu utakalolibakiza litakuwa kijishimo kwenye ukuta wa keki, na kila kijishimo ni mlango wa krimu ya rangi kupenya.

Sasa chota kikombe kimoja uweke pembeni. Hicho ndicho cha stensili, na kinahitaji matunzo yake. Kitie rangi, kisha kikoroge kwa mwiko, si kwa mashine, huku ukikikandamiza kwenye ukuta wa bakuli. Ongeza maziwa nusu kijiko cha chai kwa wakati mmoja mpaka kiwe kama mtindi mzito: ukichota kwa kijiko na kukiinamisha, krimu ijikokote kuteremka bila kudondoka. Ikiganda kama mkate haitaingia kwenye kona za matundu. Ikichuruzika itapita chini ya plastiki. Usiiweke kwenye friji. Ibaki mezani, imefunikwa kitambaa chenye unyevu isifanye gamba.

Kuna wanaotumia aisingi ya ute wa yai juu ya krimu ya siagi. Inatoa kingo kali kweli, ila mafuta ya krimu huizuia kukauka sawasawa, na keki ikitoka kwenye friji inalowa na kulegea. Mimi naiacha kwa ajili ya fondanti.

Ukuta ulionyooka

Fundi rangi hapaki rangi kwenye ukuta wenye mabonde, na wewe usibandike stensili kwenye keki yenye mabonde. Plastiki haikunjiki kuelekea pande mbili kwa wakati mmoja. Penye bonde itaacha nafasi, na krimu itaingia nafasi hiyo.

Panga tabaka zako, kisha paka krimu nyembamba ya kufungia makombo. Usijali sura. Weka kwenye friji nusu saa. Toa, paka krimu ya pili nene kuliko unavyodhani inahitajika, kisha simamisha skrepa ndefu wima, makali yake yakigusa ubao wa chini, na uzungushe meza ya keki, ile ndogo ya kuzungushia, huku mkono wa skrepa umetulia. Meza ndiyo inayotembea. Krimu ya ziada itajikusanya kwenye skrepa. Ifute kila mzunguko. Penye shimo jaza, zungusha tena. Kwa mzunguko wa mwisho chovya skrepa kwenye maji ya moto, ikaushe kabisa kwa kitambaa, na uvute mara moja.

Juu kutabaki ukingo uliochomoza. Uvute kuelekea katikati kwa kisu bapa, upande baada ya upande, ukikifuta kila mara.

Kisha friji. Saa moja, au friza dakika 15 hadi 20 kama una haraka. Usiigandishe kama barafu: keki ya friza iliyozidi inafanya mambo mawili mabaya kwa pamoja, inaikaza krimu ya stensili kabla hujamaliza kuivuta, na inatoka jasho mara tu ikigusa hewa ya jikoni. Kipimo changu ni kidole. Gusa ubavu kwa nguvu ya kupiga kengele ya mlango. Kidole kisiache alama, na kitoke kikavu.

Umeme ukikatika katikati ya hatua hii, usifungue friji kuchungulia. Iache. Friji iliyofungwa inahifadhi baridi muda mrefu kuliko subira yako.

Ubavu: dakika tano zenyewe

Kabla ya kutoa keki, kila kitu kiwe mezani: stensili safi na kavu, krimu ya rangi, skrepa mbili, tepu ya karatasi, kitambaa, feni imezimwa. Keki ikishatoka saa inahesabu.

Paka mafuta mgando nyuma ya stensili, utandu mwembamba kabisa, kama unavyopaka chuma cha chapati kisha ukakifuta. Utandu huo unaifanya plastiki ishike ukuta. Ukizidisha, mafuta yatabaki kwenye keki yaking'aa.

Toa keki, iweke katikati ya meza ya kuzungushia. Bandika stensili kuanzia katikati yake kwenda pembeni, ukisukuma hewa kwa kiganja. Hakikisha makali ya chini yamekaa sawa na ubao pande zote. Ikianza kupanda kidogo upande wa kushoto, mpaka ifike nyuma imepanda sentimita. Stensili inayozunguka keki nzima ifunge ncha kwa ncha kwa tepu. Ile fupi ishikilie kwa vipande viwili vya tepu vinavyoshuka mpaka chini ya ubao. Wapo wanaotumia pini za kushonea. Mimi sitaki pini karibu na kitu kitakacholiwa na watoto.

Chota krimu ya rangi uiweke juu ya plastiki, mahali pasipo na tundu, upande utakaoanzia. Ukianza kwa kuibandika moja kwa moja juu ya tundu unaisukuma ipenye pembeni. Sasa vuta. Skrepa imelala, kama nusu ya njia kati ya kusimama na kulala, na unakwenda upande mmoja tu. Usirudi. Kila ukirudi unaiinua plastiki kwa chini, hata kama huoni. Mkono mwepesi: unaipitisha krimu juu ya matundu ijiangushe ndani, huikandamizi.

Matundu yote yakishajaa, chukua skrepa ya pili, safi, isimamishe karibu wima, na uvute mara moja kuondoa ziada. Hapa ndipo wanaoanza huogopa na kuacha krimu nene juu ya plastiki, wakidhani ua litakuwa zito. Krimu hiyo ya juu imeungana na ya ndani ya tundu, na plastiki ikitoka zinatoka pamoja. Kwangua mpaka uone plastiki tupu baina ya matundu na rangi ndani ya matundu tu. Michirizi hafifu si neno.

Kisha bandua, papo hapo. Usisubiri ikauke.

Hapa nenda taratibu. Shika ncha moja kwa vidole viwili, mkono mwingine ukizuia plastiki sentimita chache mbele. Ivute kuelekea kwako, mbali na keki, ikijikunja yenyewe kama unavyobandua stika kwenye daftari jipya. Usiivute kwa kuiburuza pembeni hata kidogo. Utasikia kijimlio kidogo kila tundu linapoachia. Usipousikia, na badala yake ukaona ua linanyanyuka na plastiki, simama hapo hapo. Irudishe taratibu, bonyeza, upeleke keki friji dakika tano na plastiki yake, kisha endelea. Mara nyingi inaokoka.

Kama stensili ni ya kurudia, keki irudi friji dakika 10 mpaka ua la kwanza ligande. Wakati huo osha stensili, ikaushe vizuri, paka tena utandu wa mafuta. Tone moja la maji nyuma ya plastiki linatosha kuharibu kipande kinachofuata. Ukirudi, sehemu ya kuunganishia itakalia ua lililoganda bila kulichafua.

Fanya mazoezi bila keki. Chukua kopo kubwa la maziwa ya unga lililonyooka, lijaze maji karibu lijae, liweke friza usiku mzima, asubuhi lipake krimu kwa nje. Baridi ya ndani inaishikilia krimu kama keki, na ukikosea unakwangua, unairudisha bakulini, unaanza tena. Mimi nilivuta kopo hilo mchana mzima wa Jumapili moja kabla sijamgusia tena mteja stensili.

Juu ya keki

Juu ni rahisi, kwa sababu plastiki inalala. Tatizo lake ni kunyanyua. Kata vipande viwili vya tepu, vikunje viwe vishikio, uvibandike pande mbili za stensili kabla ya kupaka. Ukimaliza kukwangua, nyanyua kwa vishikio hivyo kwenda juu moja kwa moja, au anza ukingo mmoja ukiukunja nyuma. Kama pambo ni dogo kuliko keki, funika sehemu tupu kwa karatasi ya kuokea ili skrepa isiguse nyeupe.

Juu pia unaweza kutumia unga badala ya krimu. Kakao ni nzuri sana kwa hili. Keki iwe imeganda kavu, kisha pitisha kakao kwenye chujio la chai ukiwa umeliinua kama shubiri moja, ukigonga kwa kidole. Usitumie sukari ya unga peke yake, unyevu wa pwani unaimeza na baada ya nusu saa pambo limetoweka. Na zima feni. Najua nimeshasema.

Rangi

Tumia rangi za jeli. Za maji zinalegeza krimu. Rangi nzito inakolea kadiri inavyokaa, kwa hiyo nyeusi na nyekundu zichanganye usiku wa kuamkia siku ya kazi, uzifunike. Kwa nyeusi usianze na krimu nyeupe: tia kakao kwanza mpaka iwe kahawia iliyokolea, ndipo jeli nyeusi kidogo. Haitakuwa chungu, na wageni hawatapiga picha wakiwa na meno meusi.

Mng'ao wa dhahabu na fedha unahitaji neno la pekee, kwa sababu watu wanaupenda mno kwenye harusi. Mwaka 2018 huko Rhode Island, Marekani, watoto 6 waliugua baada ya kula keki ya sherehe ya mtoto anayetimiza mwaka mmoja. Keki ilikuwa imepakwa unga wa kung'arisha, na unga huo ulikutwa na shaba nyingi. Mwaka uliofuata, Missouri, mtoto mdogo alikutwa na madini ya risasi kwenye damu, na keki ya sherehe yake ilikuwa imepambwa kwa unga wenye risasi. Kwenye kopo tafuta neno "edible" (inaliwa) pamoja na orodha ya viambato. Neno "non-toxic" (haina sumu) peke yake halimaanishi inaliwa. Hata kalamu za rangi za watoto huandikwa hivyo. Muuzaji akikupimia unga kwenye kifuko kisicho na maandishi, mwachie.

Ikiharibika

Krimu ikipenya chini na kuvuruga kingo, usiiguse ikiwa laini. Friji, dakika 20. Ikishaganda, ncha ya kisu kidogo inaikwangua kama unavyotoa nta ya mshumaa, na ukingo unabaki safi. Kijiti cha meno kinafaa kwenye kona.

Ua likitoka na matundu, yaani sehemu hazikujaa, jaza kwa brashi ndogo na krimu ileile. Usirudishe stensili juu yake. Hutaipatia mahali pake, hata ukiapa.

Pambo zima likiharibika, pumua. Usifanye nilichofanya mbele ya shangazi. Keki irudi friji mpaka pambo ligande kama kipande cha siagi, kisha simamisha skrepa na unyoe juu juu. Litatoka kwa maganda. Doa litabaki, hasa la nyekundu. Paka juu yake utandu mwembamba wa krimu nyeupe, gandisha, uanze upya. Ndiyo maana huwa nabakiza kikombe cha krimu nyeupe mpaka keki iondoke nyumbani.

Na kama krimu inapenya kila mara, kila keki, tafuta sababu kwa mpangilio huu: ukuta haujanyooka, keki haijapoa vya kutosha, krimu ni nyepesi, unakandamiza. Wengi huanza na mkono. Kwa uzoefu wangu, mara nyingi ni ukuta.

Jasho na safari

Keki ikitoka friji ikakutana na hewa ya Dar au Mombasa, unyevu unaiganda kama unavyoganda chupa ya soda baridi. Usifute. Ukifuta unaburuza rangi. Jasho hilo hukauka lenyewe kama hujaligusa, na feni ya mbali, isiyoielekea keki moja kwa moja, inasaidia.

Njia nzuri zaidi ni kulizuia. Keki ikiwa bado kwenye friji, iweke kwenye boksi lake, lifunge, kisha ndipo litoke. Unyevu utaganda nje ya boksi wakati keki inapata joto polepole ndani. Mteja asilifungue mpaka afike ukumbini. Huwa naliandika kwa kalamu kubwa juu ya boksi, na bado kuna wanaofungua kwenye daladala wamwonyeshe jirani.

Rangi nyeusi juu ya nyeupe ndizo zinazochuruzika zikipata jasho. Kwa safari ndefu, au sherehe ya nje ya mchana, mshauri mteja achague kahawia, krimu, kijani cha majani, rangi ambazo zikitoka kidogo hazipigi kelele. Garini keki ikae sakafuni, pasipo mwelekeo, si kwenye kiti wala mapajani. Kiti kimeinama nyuma, na mapaja yana joto.

Nje ya friji, saa moja hadi mbili ndio mwisho wa pambo kubaki kali kwenye siku ya joto. Mwulize mteja saa ya kukata keki, si saa ya sherehe kuanza. Nyakati hizo mbili unazijua zinavyotofautiana kwenye harusi zetu.

Kuosha

Loweka stensili kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni ukiwa umeilaza kwenye sinia, mafuta yajiachie yenyewe. Maji ya moto yanaikunja plastiki na haitanyooka tena. Sugua kwa brashi laini ya meno ukielekea upande mmoja, kwa sababu vile vidaraja vyembamba vikinasa kwenye nyuzi vinakatika. Isuuze, ibandike wima kwenye vigae vya jikoni ikauke. Kisha ihifadhi imelala katikati ya daftari kubwa. Langu ni la hesabu, la kidato cha pili cha mwanangu, na amekwishalidai mara tatu.